Kamba Nne Matopeni

Siku Shatha alipokataa kusikia habari za Pemba, Bi Khole alikuwa amekaa mkekani anapeta mchele. Ungo ulisimama hewani. Tangu mtoto huyu ajue kusikiliza, hakupata hata mara moja kumwambia bibi yake "basi" kwa jambo la Pemba. Katika nyumba ile ya Aija, mtaa wa mji wa Sur huko Omani, msikilizaji aliyebaki alikuwa ni yeye peke yake.

"Basi, Bibi. Usinieleze popo, usinieleze mikoko ya Wete. Mwaka huu sitaki."

"Popo nimewataja saa ngapi? Nimesema kaa tu."

"Hao kaa ndio walioniangusha mtihani wa chuo."

Jikoni, Lamya, mama yake Shatha, alifunga mfereji ili asikie vizuri.

"Mwaka jana ulituambia Kiingereza kilikukwama," Bi Khole alisema.

"Niliwaficha." Shatha alikaa chini, akauvuta ungo polepole kutoka mikononi mwa bibi yake, akaanza kupeta yeye, kwa sababu kusema huku mikono inafanya kazi kulikuwa kwepesi zaidi. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruzakwaruza, kila baada ya maneno mawili anaokoa la tatu kwa Kiarabu, lakini siku ile alisema bila ya kusita. "Karatasi nilipita, unajua. Mahojiano ndiyo. Walikuwa watu watatu. Mmoja mwanamume wa miwani. Akaniambia, tueleze mfumo mmoja wa ikolojia ulio karibu na kwenu. Mimi nikafurahi! Nikasema mikoko, nikasema kaa, kamba, popo wakubwa wanaokula matunda. Nilisema vizuri, wallahi, kama ulivyonifunza. Akaniuliza, hawa popo mara ya mwisho umewaona lini? Nikasema sijawaona. Akaangalia fomu yangu. Akasema, binti, wewe umeandika unakaa Aija. Hapo Aija maji yakikupwa, kunabaki nini?"

"Ukamwambia nini?"

"Bibi, dirisha la chumba changu linatazama hori, bahari inaingia mpaka chini yake. Nalala nalo, naamka nalo. Nikakaa kimya. Yule mwanamke wa pembeni akaandika kitu kirefu, nikajua khalas, nimeanguka."

Bi Khole alikuwa akijijaribu mwenyewe kwa lile swali. Miaka arubaini na tisa amekaa ng'ambo hii ya daraja, amezaa hapa, amezika mume hapa. Maji yakikupwa, kunabaki nini? Matope, alijijibu. Baada ya hapo hakuwa na neno jingine. Lakini hori la Wete, ambalo aliliacha akiwa na umri wa miaka ishirini na tano, angeweza kulisimulia jiwe kwa jiwe.

Karatasi ya mwaka huu Shatha alikuwa ameshapita tena, kwa alama nzuri. Yalibaki mahojiano, siku kumi na mbili mbele, katika chuo cha uuguzi huko Ibra, na safari hii walitaka na daftari: mfumo mmoja wa ikolojia, mahala pamoja, uangaliwe siku kumi. Chuo hakikuwa kikimpokea mtu mara ya tatu. Akianguka, baba yake alikuwa ameshapanga: ataondoka Sur, aende Nizwa akakae katika duka la mabuibui la shangazi yake Badria.

"Kwa hivyo utaangalia nini?" Lamya aliuliza kutoka mlangoni.

Shatha alinyanyua kidevu kuelekea dirishani.

"Hayo matope?" akasema Lamya.

"Hayo."

* * *

Kesho yake maji yalikupwa baada ya adhuhuri. Bi Khole alisimama rosheni, kwenye kibaraza cha ghorofani, nusu ya mwili nyuma ya pazia, akamwona mjukuu wake anateremka ukingoni na viatu vya mpira vya baba yake, buibui amelifunga kiunoni, mkononi ana vijiti vinne na kamba. Alivichomeka vijiti, akazungusha kamba, akapima kwa utepe wa mshoni. Ukawa mraba wa mita moja kila upande, karibu na pale michu, mikoko ya huku, inapoanza. Kisha akapiga magoti nje ya kamba, akaanza kuandika.

Alipiga magoti vile kwa saa nzima. Bi Khole aliingia ndani kutazama chungu, akarudi. Mtoto yuko vilevile. Watoto wa jirani walikuja, wakacheka, wakachoka, wakaenda zao. Gari moja ilisimama darajani, dereva akatoa kichwa kutazama, ikaondoka. Shatha hakugeuka.

Jioni Hamed, mwanawe Bi Khole na baba yake Shatha, alirudi kutoka kazini na uso wa mtu aliyekwisha kuambiwa.

"Mama, nimeulizwa msikitini. 'Ya Hamed, binti yako amepoteza hereni?' Nifanye nini, nikae mlangoni nieleze watu ikolojia?"

"Waeleze," Shatha alisema. "Mimi nimejifunza kwa siku moja. Kaa thelathini na mmoja, baba. Tondo sita, konokono wa matopeni. Miche ya mchu kumi na tisa, mipya, urefu wa kidole. Ndani ya mita moja tu."

"Na huko Ibra watakupa chuo kwa kuhesabu kaa?"

"Mwaka jana hawakunipa kwa kutowahesabu."

Bi Khole aliinamisha uso kwenye kikombe cha kahawa asionekane anacheka.

Lakini kulikuwa na tatizo, na Shatha alilieleza wakati wa kula. Akiinama kuhesabu kaa, ndege hawezi kuwahesabu. Akiinuka kuhesabu ndege, kaa wanaingia mashimoni. Na mwongozo wa chuo ulitaka vyote viangaliwe kwa wakati mmoja. Mama yake alikuwa anasomesha mpaka adhuhuri na jioni ana madaftari. Baba yake hakuulizwa.

"Nahitaji macho ya mtu," alisema, akamtazama bibi yake.

"Mimi? Nikakae matopeni?"

"Kwenye kiti, Bibi. Ukingoni, pakavu. Ndege tu."

"Mama hawezi," akasema Hamed haraka. "Magoti yake. Na watu."

Hayakuwa magoti yaliyomfanya Bi Khole ajibu. Lilikuwa lile neno watu. "Magoti yangu yanapanda ngazi hizi kila siku," alisema. "Kiti kiwe na mkono, nipate kushika."

* * *

Kiti kilikuwa cha plastiki, cheupe, cha harusini. Siku ya kwanza Bi Khole alivaa kanga juu ya buibui, akachukua mwavuli, akakaa kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Rumaitha, jirani yao, mke wa mvuvi mstaafu, alitoka kizingitini kwake akasimama mikono kiunoni.

"Ya Umm Hamed!" alipiga kelele kwa Kiarabu. "Hori umelikodi?"

"Nalihesabu!"

"Lote?"

"Kidogo kidogo!"

Rumaitha alicheka mpaka akashika ukuta, akaingia ndani, kisha akatoka na birika ya chai, akamwekea mguuni pa kiti.

Kazi ilikuwa robo saa. Katika robo saa ile Bi Khole alitakiwa kuandika kila ndege aliyetua kati ya daraja na mtumbwi mmoja uliopasuka. Aliandika kwa herufi alizofunzwa chuoni kwa maalimu wa Kurani, herufi za Kiarabu maneno ya Kiswahili, kama alivyokuwa akiwaandikia barua dada zake. Ilipokwisha, Shatha alikuja na mikono ya matope, akasoma juu ya bega lake, akivuta kila neno.

"'Yangeyange wanne.' Sawa. 'Korongo mmoja.' Sawa. 'Kaa hula matope, kisha hutema vidonge.' Bibi, hii umeiona leo?"

"Kila mtu anajua kaa wanafanya hivyo."

"Umeiona leo?"

"Nimeiona Wete mara elfu."

Shatha hakukasirika. Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya yale maneno, mwembamba hata yakabaki yanasomeka. "Tunaandika tulichokiona hapa. Leo. Kama kaa wa hapa wanatema vidonge, watatema mbele yetu."

Bi Khole aliumia, na hakuficha kuwa ameumia; hakunywa ile chai. Usiku wa siku ile alisema na Lamya maneno mafupi. Lakini kesho yake kabla ya maji kukupwa alikuwa ameshavaa, na alipofika alikisogeza kiti mbele hatua tatu, mpaka miguu yake miwili ya mbele ikazama.

Akamngojea kaa. Alikuwa kaa mdogo, mkono mmoja mkubwa kuliko mwili wake wote, mweupe nchani. Alitoka, akasita, akaanza kuchota matope kwa ule mkono mdogo na kuyatia mdomoni, upesi upesi, kama mtu anayekula wali wa moto. Kisha akatema kidonge. Akasogea. Akatema cha pili. Bi Khole aliinamia mbele kitini.

"Shatha! Anatema!"

"Andika, Bibi!"

Akaandika. Na maneno yalikuwa yaleyale aliyoyaandika jana, ila mkono uliyaandika kwa namna nyingine.

Kwa siku zile Bi Khole alimtazama mjukuu wake kuliko alivyowatazama ndege. Hakupata kumwona mtu wa nyumba yao akifanya kazi namna hii. Hamed mwanawe alikuwa mtu wa kumaliza. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kuanza. Huyu alikuwa mtu wa kurudia. Kila siku kamba zilezile, vijiti vilevile, utepe uleule unapimwa tena, maana huenda maji yamevisogeza. Akipata nambari isiyomridhisha, anahesabu upya. Hakumwambia mtu kuwa amechoka, ingawa magoti yake yalikuwa yamechubuka na Lamya alikuwa anayapaka mafuta kila usiku bila ya kuuliza. Na alipokuwa akimweleza bibi yake, alieleza kwa vitu alivyoviona, si kwa maneno ya kitabu.

"Tazama. Jani la mchu linaanguka. Kitabu kinaita mti mzalishaji, kwa sababu anatengeneza chakula chake mwenyewe kwa jua. Kaa na tondo wanakula jani, hao walaji. Ndege anakula kaa, naye mlaji. Linalobaki wadudu wadogo hatuwaoni wanaliozesha, likawa matope tena, mti unakula matope. Yote hii inazunguka."

"Yote haya yanazunguka," Bi Khole alirekebisha.

"Yote haya. Ukiondoa kimoja, vingine vinajua."

"Vinajua vipi?"

"Vinapungua," alisema Shatha, akatazama ndani ya mraba wake, na uso ukakunjamana.

Maana miche ilikuwa inapungua. Siku ya kwanza kumi na tisa. Siku ya nne kumi na sita. Siku ya sita kumi na mitatu. Siku ya nane kumi na mmoja. Ilikuwa haing'oki, ilibaki vijiti vitupu, vimekatwa juu.

Usiku ule Shatha alikaa na daftari lake sebuleni, mbele yake mchoro mkubwa wa mishale: jua kwenda kwa mti, mti kwenda kwa kaa, kaa kwenda kwa ndege. Ulikuwa mchoro mzuri, na kwenye miche kulikuwa na alama ya kuuliza.

"Watauliza tu," alimwambia mama yake. "Yule wa miwani atauliza hiyo hiyo. Nani anakula?"

"Si uandike kaa?" akasema Hamed. "Nani mwingine yuko huko chini?"

"Sijamwona kaa akikata mche."

"Siku zimebaki mbili, binti yangu. Andika kaa."

Shatha hakuandika. Aliifunga kalamu, akalala na ile alama ya kuuliza.

* * *

Katika ua wa nyumba ile kulikuwa na mbuzi. Bi Khole alimnunua mwezi uliopita na akaweka nadhiri mbele ya watu wote: Shatha akipata chuo, mbuzi huyu anachinjwa na nyama yake inagawiwa mtaa mzima. Alikuwa dume jeusi, la sikio moja jeupe. Bi Khole hakumpa jina, maana mnyama wa nadhiri hapewi jina, lakini alimhurumia. Kila siku baada ya kusali alfajiri alimfungua kamba, akamwachia mlango wa ua, apunge upepo kidogo kabla ya siku kuanza. Akirudi, hufungwa. Watu wa nyumba walikuwa bado wamelala, na Bi Khole hakuona kuwa ni jambo la kumwambia mtu.

Siku ya tisa maji yalikuwa yameshageuka, yakikupwa asubuhi na mapema. Jua lilikuwa halijapanda juu ya paa za Aija, Bi Khole ameshakaa kitini na mwavuli umefungwa mapajani. Heroe kumi na mmoja walikuwa upande wa daraja, wanatembea na vichwa vyao majini. Alikuwa anawaandika. Shatha alikuwa mbali kidogo, amempa mgongo, anatia kipimajoto katika tope.

Alipoinua macho, mbuzi alikuwa amesimama ndani ya kamba.

Bi Khole alilijua sikio lile kabla hajajua kuwa anaona nini. Mbuzi aliinamisha kichwa, akachagua mche mmoja, akaukata juu, akatafuna. Akachagua wa pili.

Neno la kumfukuza lilifika midomoni mwa Bi Khole likakaa hapo. Shatha alikuwa bado amempa mgongo. Kupiga kofi mara moja tu kungetosha. Mbuzi angekimbia nyuma ya nyumba ya Rumaitha na asingejua mtu. Kuanzia kesho angemfunga kwa kamba fupi, na miche ingeacha kupungua, na Shatha angeandika apendavyo. Mwaka jana alimwangusha mjukuu wake kwa maneno yake. Mwaka huu alikuwa anamlisha mbuzi mtihani wake, kidogo kidogo, kila alfajiri, kwa huruma. Mwanamke wa miaka sabini na nne atakwenda na uso gani kusema hivyo?

Aliitazama karatasi mapajani pake. Juu kulikuwa na ule mstari mwembamba wa siku ya kwanza.

Akaandika, pole pole, kila herufi mahala pake: *Saa kumi na mbili na nusu. Mbuzi wangu. Miche miwili. Mimi ndiye ninayemfungua.*

Kisha akaita, "Shatha. Mwanangu, njoo."

Shatha aligeuka. Akamwona mbuzi. Viatu vya baba yake vilizama, akaviacha, akaja miguu mitupu mpaka zikabaki hatua kumi, akasimama. Bi Khole alinyanyua mwavuli kumpiga mnyama.

"Usimfukuze!" Shatha alinong'ona. "Bibi, mwache! Mwache ale!"

"Anakumalizia!"

"Nataka kuona anakata vipi."

Wakasimama wote wawili wakimtazama mbuzi wa nadhiri akila mche wa tatu, mpaka aliposhiba au alipochoka kutazamwa, akaondoka kwa maringo. Shatha alipiga magoti, akagusa kijiti. Kilikuwa kimekatwa mshazari, sawa na vile vyote vya siku zilizopita. Alipogeuka, alimkuta bibi yake amemnyooshea ile karatasi, uso ameuelekeza upande wa daraja.

Alisoma kwa muda mrefu. Herufi zilikuwa chache, lakini alisoma muda mrefu.

"Kila siku?" aliuliza.

"Tangu nimnunue. Nilimwonea huruma." Sauti ya Bi Khole ilikuwa ndogo. "Mara mbili sasa nimekuharibia."

"Bibi." Shatha alikaa chini pale pale, juu ya tope, buibui na yote. Bi Khole alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Bibi, mimi siku tisa nachora. Nimetia jua, nimetia mti, kaa, ndege, mpaka wadudu wasioonekana nimewatia. Sisi sikututia. Nyumba yetu ile pale, naiona kutoka hapa, na sikuitia. Nilidhani sisi tunaangalia tu."

"Sisi tuna nini na matope?"

"Mbuzi wako anakula mche. Watu watakula mbuzi. Wewe ndiye unayefungua mlango." Alipangusa macho kwa mkono wa matope, akajipaka uso mzima. "Umo ndani ya mchoro, Bibi. Siku nyingi umo."

Bi Khole alitazama kiti chake, miguu yake ya mbele imezama. Alihesabu miche iliyobaki, kwa sauti, kwa sababu lilikuwa jambo aliloliweza. Ilikuwa minane.

* * *

"Ufute mchoro huo," Hamed alisema usiku ule. "Mbuzi mfungeni, na hiyo karatasi ya Mama itoeni. Unataka kwenda mbele ya wakubwa useme bibi yangu ndiye anayeharibu mazingira? Watatucheka Ibra yote."

"Mwaka jana nilisema nisichokiona, baba. Mwaka huu nifiche nilichokiona?"

"Si kuficha. Ni kutunza heshima ya mama yangu."

"Heshima yangu niulizeni mimi," akasema Bi Khole. "Karatasi ibaki. Na mimi nakwenda Ibra."

"Mama, saa mbili kasorobo za gari!"

"Sikuuliza ni saa ngapi."

Walikwenda watatu. Ukumbi wa chuo ulikuwa na baridi ya mashine na viti vya chuma. Wasichana walikuwa wamekaa na baba zao, wengine wana madaftari yenye picha za rangi, zilizopigwa chapa madukani. Daftari la Shatha lilikuwa limevimba kwa maji na lina harufu ya hori. Msichana mmoja aliyekaa karibu alisogeza mkoba wake. Shatha aliona, Bi Khole aliona, na Hamed, ambaye pia aliona, alilichukua lile daftari kutoka kwa binti yake, akaliweka juu ya mapaja yake mwenyewe, juu ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akalishika kwa mikono miwili mpaka jina lilipoitwa.

Shatha aliingia. Dakika arubaini zilipita. Katikati ya dakika hizo mlango ulifunguka kidogo, mtu wa miwani akatoa kichwa, akatazama huku na huku, akamwona Bi Khole, akaweka mkono kifuani, akafunga. Bi Khole alidhani anamtafuta mtu wa usafi.

Ndani ya gari, baada ya kuipita njia panda ya kwanza, ndipo Shatha alipoanza kusema.

"Alikuwa ni yuleyule. Akaniuliza, miche imekwenda wapi? Nikampa karatasi ya Bibi. Akaanza kuisoma, herufi anazijua, maneno hayajui. Anasoma kama mtu anasoma jina la dawa! Akaniuliza lugha gani. Nikamwambia. Akasema, nifasirie. Nikamfasiria: mbuzi wangu, mimi ndiye ninayemfungua."

"Wakacheka?" Hamed aliuliza, macho yake barabarani.

"Yule mwanamke alicheka. Yeye hakucheka. Akasema, miaka mingapi nauliza swali hili, watu wananiletea simba na pundamilia. Kisha akauliza, sasa mtafanya nini? Nikasema mbuzi amefungwa kwa kamba fupi, miche imebaki minane, tunaendelea kuhesabu. Akauliza, nani anahesabu? Nikasema bibi yangu. Akauliza, yuko wapi? Nikasema, hapo nje."

Bi Khole aligeuka kitini. "Yule wa mlangoni?"

"Yule."

Alitazama nje ya dirisha, mitende ya Ibra inapita. "Na mimi sikumrudishia hata salamu," akasema.

* * *

Waliambiwa wangoje wiki mbili. Shatha alingojea kwa kufua mapazia ya nyumba nzima, kisha akayafua tena. Shangazi Badria alipiga simu mara mbili kutoka Nizwa kuuliza saizi ya sare ya dukani. Mbuzi alikuwa uani, kamba fupi, anakula majani makavu kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa, na mtu hakumtazama machoni.

Bi Khole hakuacha kwenda horini. Hakuna aliyemtaka aende. Daftari lilikuwa Ibra, na kamba zingeweza kung'olewa. Lakini kila siku maji yakikupwa mchana, au alfajiri ikishapambazuka, alibeba kiti chake mwenyewe, na baadaye Rumaitha alitoka na cha kwake, kwa sababu, alisema, chai inapoa akiwa anaivusha njia. Rumaitha alikuwa hajui kusoma. Alifundishwa kuwatenga yangeyange na korongo, akabishana, akashindwa, akawa mkali kuliko mwalimu wake.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne tope lilikuwa linang'aa. Bi Khole alikuwa ameinama kutoka kitini ukingoni mwa kamba, kidole kinatembea hewani kutoka mche hadi mche, aliposikia mlango wa rosheni unagongwa ukutani.

"Mama! Mama!" Alikuwa Hamed, kwenye rosheni, bila ya kofia, simu ameiinua juu kama taa. Nyuma yake sauti ya Lamya ilikuwa inapiga vigelegele, na ya Shatha haikusikika kabisa. "Mama, ujumbe umekuja! Wamemchukua! Shatha amepata!"

Rumaitha aliruka kutoka kitini, hakujua Kiswahili lakini vigelegele alivijua, akaanza vya kwake.

Bi Khole aliinua mkono mmoja, kiganja wazi, kuwaambia wangoje.

Alikuwa amefika nane. Kidole kilisogea kwenye kijiti kitupu, kimojawapo cha vile vilivyokatwa mshazari. Pembeni pake, chini ya jeraha, palikuwa na majani mawili, madogo kama kucha za mtoto mchanga, ya kijani kibichi. Alikitazama kijiti cha pili. Nacho vilevile.

Machozi yalikuwa yanamwagika, lakini hakuyapangusa, asije akapoteza hesabu. Tisa. Kumi. Alichukua karatasi mapajani, akaandika nambari, akaandika na saa. Ndipo alipojishika kwenye mkono wa kiti, akasimama, na akapiga kigelegele cha Wete kikavuka hori mpaka upande wa pili wa daraja. Heroe wote wakaruka, na Rumaitha, aliyekuwa bado hajamaliza kuwahesabu, akamgombeza.